Homa ya virusi na figo za mtoto: mwongozo kamili kwa mzazi wa Dar es Salaam

"Mara ya mwisho amekojoa saa ngapi?"

Kaa mapokezi ya wodi ya watoto wiki moja tu, utaona swali hili linavyowanyamazisha watu. Mama anakumbuka joto la mwanawe kwa nukta, 38.9 asubuhi na 39.4 usiku. Anajua ametapika mara ngapi na amekunywa dawa gani. Akiulizwa habari ya mkojo anamgeukia dada wa kazi, dada anamgeukia bibi, na bibi anasema, "Si alikojoa jana?"

Mimi ni muuguzi wa watoto. Mwaka 2019, dengi ilipotapakaa jijini, swali hilo lilinikuta nyumbani kwangu. Mwanangu alikuwa na miaka sita. Siku ya pili ya homa, nikiwa kazini, alipelekwa zahanati ya mtaani akachomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu. Siku ya tano alfajiri nilimshika paji la uso, nikakuta joto limekata. Nilimshukuru Mungu, nikaenda zamu. Jioni niliporudi nilimkuta amelala, mikono ya baridi, anashika tumbo. Nikamuuliza mdogo wangu aliyeshinda naye: amekojoa? Hakuwa na jibu. Mtoto mwenyewe alisema alikojoa "jana, kabla ya katuni". Tulilazwa siku sita, na namshukuru Mungu figo zake zilirudi kufanya kazi.

Tangu hapo kila mzazi ninayekutana naye namwambia jambo lile lile: figo haziumi. Sikio likivimba mtoto atalia, jino likioza atalia, lakini figo zinaweza kusimama kabisa mtoto akiwa ametulia kitandani. Zinazungumza kwa mkojo tu, na mara nyingi huanza kunyamaza pale homa inaposhuka, nasi tunaacha kumwangalia. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuusikiliza mkojo huo tangu siku ya kwanza ya homa hadi miezi mitatu baadaye.

Virusi vinazifikiaje figo

Njia ni tatu, na kila moja ina wakati wake.

Inayowapata watoto wengi ni kupungukiwa maji. Mtoto anaharisha na kutapika kwa virusi vya rota, au dengi inaifanya mishipa yake midogo ivuje, na damu inayozunguka inapungua. Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, kwa hiyo damu ikipungua zenyewe ni za kwanza kuhisi njaa. Ukimrudishia mtoto maji mapema zinaamka ndani ya saa chache. Ukichelewa, vijirija vya ndani ya figo (mirija midogo mno ya mkojo) vinaanza kufa, na hapo maji peke yake hayatoshi tena.

Njia ya pili ni ya polepole. Kinga ya mwili inapopigana na virusi huacha mabaki ya vita hiyo kwenye damu, nayo hunasa kwenye vichujio vya figo. Homa ya ini B hufanya hivyo, na virusi vinavyoitwa parvo B19 pia. VVU huingia kwenye seli za figo zenyewe. Hapa mtoto anaweza kuwa ameshapona mafua au homa, anacheza, kisha siku au wiki kadhaa baadaye anaamka amevimba macho.

Ya tatu ni dawa tunazompa sisi. Naiweka mstari mmoja na hizo mbili kwa makusudi, na nitairudia chini.

Hatua ya 1: Fungua daftari siku ile ile homa inapoanza

Daftari la kurasa arobaini linatosha. Andika uzito wa mtoto kwanza, maana kila kitu kitakachofuata (dawa, maji, mkojo) kinapimwa kwa kilo. Kama huna uzito wa karibuni kwenye kadi ya kliniki, mpime. Kwa mtoto mdogo, panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe.

Halafu chora safu nne: saa, alichokunywa, alichotoa (mkojo, choo, matapishi), dawa aliyopewa. Anayeshinda na mtoto ndiye anayeandika, awe dada, bibi au kaka mkubwa. Asiyejua kuandika achore mstari mmoja kwa kila mkojo. Mistari inatosha kabisa. Nimewahi kupokea mtoto kutoka Tandale ambaye bibi yake alikuwa ametoboa kipande cha boksi kwa msumari, tundu moja kwa kila mkojo, na daktari wa zamu aliyatumia matundu yale kupanga dripu.

Sasa kiasi. Mtoto chini ya mwaka mmoja anatakiwa atoe angalau mililita 1 ya mkojo kwa kila kilo, kwa kila saa. Aliyezidi mwaka mmoja, angalau nusu mililita. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Mtoto mzima wa afya hutoa zaidi. Kwa hesabu ya nyumbani: mtoto wa miezi minane mwenye kilo 8 atoe si chini ya mililita 48 kwa saa sita. Wa miaka sita mwenye kilo 20 atoe si chini ya mililita 120 kwa saa kumi na mbili, yaani karibu robo ya chupa ndogo ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita.

Kwa mkubwa, kata chupa ya plastiki juu, weka alama kwa kalamu, mwambie akojolee humo. Kwa anayevaa pampasi, pima pampasi kavu kwenye mizani ya dijitali, hata ya dukani kwa Mangi ukiifunga kwenye mfuko safi, kisha pima iliyolowa. Tofauti ya gramu ndiyo mililita za mkojo. Wodini ndivyo tunavyofanya. Pampasi ya mtoto wa kilo 8 iliyoongezeka gramu 15 tu tangu usiku hadi asubuhi inakuonya mapema kuliko kipimajoto chochote. Kama pampasi imechanganyika na choo cha kuharisha huwezi kutenganisha, basi tafuta dalili nyingine: machozi akilia, ulimi wenye mate, utosi usiobonyea.

Hatua ya 2: Maji, na namna ya kuyapa

Anayeharisha au kutapika apewe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), na makosa makubwa ninayoyaona yako kwenye kuchanganya. Paketi nyingi tunazopata ni za lita moja kamili. Soma yako kwanza. Ukiimimina kwenye nusu lita, chumvi inakuwa kali kupita kiasi na inaweza kumdhuru ubongo. Ukiimimina kwenye ile chupa kubwa ya maji, kumbuka chupa nyingi kubwa ni lita moja na nusu, kwa hiyo umeipoozesha. Njia rahisi ni chupa mbili za nusu lita, mimina zote kwenye jagi safi, tia paketi nzima, koroga. Baada ya saa 24 mwaga, changanya nyingine. Usiongeze sukari, soda wala juisi ili "apende".

Chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Miaka miwili na kuendelea, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha anza tena kwa kijiko cha chai, kimoja kila dakika moja au mbili. Inachosha, mkono unauma, lakini kijiko kila dakika ni mililita 300 kwa saa, na watoto wengi wameepuka dripu kwa kijiko tu. Anayenyonya aendelee kunyonya. Vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14 viende sambamba: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa aliyezidi.

Nizungumzie madafu, kwa sababu hapa Dar hakuna mgonjwa asiyeletewa dafu. Maji ya dafu yana chumvi ya sodiamu kidogo sana na potasiamu nyingi. Anayeharisha anapoteza sodiamu kwa wingi, kwa hiyo dafu haliwezi kukaa nafasi ya ORS. Na anayekojoa vizuri hana shida na potasiamu, figo zinaitoa. Lakini ambaye mkojo umekatika hana pa kuitoa. Inajikusanya kwenye damu, na potasiamu ikipanda sana inausimamisha moyo. Mtoto asiyekojoa asipewe dafu, ndizi, juisi ya machungwa wala supu ya nyanya hadi apimwe. Najua ni vigumu kumwambia hivyo shangazi aliyepanda daladala mbili kutoka Mbagala na madafu yake matatu. Mpokee kwa heshima, mwambie dokta amekataza kwa sasa, na madafu wanywe wanaomuuguza.

Hatua ya 3: Dawa za kuacha

Kwa homa, parasetamoli pekee. Miligramu 15 kwa kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 8 ni miligramu 120, na dawa nyingi za maji zina 120 kwenye mililita 5, lakini soma chupa yako kwanza. Tumia kijiko au sindano ya kupimia iliyokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani.

Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ziache kabisa hadi ijulikane ni homa gani. Figo iliyopungukiwa na damu hujitahidi kufungua mishipa yake ili ipate chochote, na dawa hizi hukata juhudi hiyo. Kwenye dengi zinaongeza pia hatari ya kuvuja damu. Wauzaji wengi wa maduka ya dawa wanatoa diklofenaki kwa sababu homa inashuka haraka na mzazi anarudi na shukrani. Sema wazi dirishani: "Naomba parasetamoli tu, mtoto anaharisha, sitaki dawa ya maumivu nyingine."

Sindano za jentamaisini nazo zina kazi yake kwa maambukizi makali ya bakteria, tena hospitalini, kwa kipimo cha uzito. Kwa homa ya virusi hazifanyi lolote, na kwa mtoto aliyepungukiwa maji zinaweza kuziua zile seli za vijirija. Mitishamba ya kunywa naiweka hapo hapo, hasa kwa wachanga. Hatujui kilichomo ndani ni kiasi gani, na figo ndiyo inayopewa kazi ya kukitoa.

Nunua dawa za maji kwenye duka lililosajiliwa, chupa ikiwa na kizibo kisichofunguliwa, na usitupe chupa hadi mtoto apone. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, vifo vilivyohusishwa na dawa za maji za homa na kikohozi zilizokuwa na sumu ya diethilini glaikoli. Wazazi wale walikuwa wanatibu mafua. Mkojo wa mtoto ukikatika siku chache baada ya kuanza dawa ya maji, peleka mtoto na chupa yake pamoja.

Hatua ya 4: Siku homa inapokata

Hapa ndipo nilipoteleza mimi. Wazee wa pwani walikuwa na jina la zamani la dengi, homa hii ya kuvunja viungo: kidingapopo, na watu wa leo wanajua kwamba mbu wake anauma mchana. Wasichojua wengi ni kwamba saa za hatari huja joto linaposhuka, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba, na hudumu saa 24 hadi 48. Ndizo saa ambazo mishipa inavuja zaidi.

Kwa hiyo homa ikikata, usimrudishe shule wala usiende kazini kwa amani. Siku mbili hizo pima mkojo kila baada ya saa sita. Angalia maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikoisha, damu kwenye fizi au pua, mikono na miguu ya baridi, kusinzia kusiko kwa kawaida au kukosa utulivu. Moja tu kati ya hizo, mpeleke hospitali, na asichomwe sindano wala kupewa dawa nyingine njiani.

Na usisahau malaria. Ni vimelea, si virusi, lakini katika jiji hili kila homa ipimwe malaria kwanza, kwa sababu nayo huharibu figo. Dengi ina kipimo chake. Siku tano za mwanzo huangaliwa virusi vyenyewe, baada ya hapo kinga ya mwili.

Hatua ya 5: Soma rangi ya mkojo, kisha soma uso

Mwangalie mtoto akikojoa kwenye chombo cheupe, mchana, karibu na dirisha.

Njano iliyokolea na kidogo: anahitaji maji. Kahawia kama chai ya rangi, macho yakiwa manjano: fikiria ini, hasa homa ya ini A, au malaria, au kuvunjika kwa chembe za damu. Kahawia vilevile, lakini macho meupe na mtoto anakataa kutembea kwa maumivu ya mashavu ya miguu siku chache baada ya influenza: misuli inavunjika, na mabaki yake yanaziba vijirija vya figo. Hili halisubiri kesho. Mwekundu na mtoto analia akikojoa: kuna virusi vya adeno ambavyo huwasha kibofu na kwa kawaida huisha ndani ya wiki, lakini kipimo kifanyike. Rangi ya kokakola, bila maumivu yoyote: vichujio vya figo vinavuja damu. Ikitokea siku ile ile au siku mbili tatu za koo kuuma, daktari atafikiria aina moja ya ugonjwa wa figo. Ikitokea wiki moja hadi tatu baada ya koo, au zaidi ya hapo baada ya vidonda vya ngozi, atafikiria nyingine inayoletwa na bakteria. Kwa hiyo tarehe ya koo kuuma iandikwe kwenye lile daftari. (Kabla hujaogopa, kumbuka kama jana amekunywa juisi ya bitiruti.)

Povu jingi lisilopotea dakika kadhaa baada ya kukojoa ni protini.

Uso sasa. Muda mzuri ni asubuhi, kabla hajanawa. Kope zilizovimba kama zimejaa maji, zikipungua kadiri siku inavyokwenda huku miguu ikivimba jioni, hiyo ni figo hadi ithibitike vinginevyo. Hapa mjini wengi huambiwa ni aleji ya vumbi, wanapewa dawa ya matone na vidonge vya mzio, wiki tatu zinapotea. Mzio huwasha na kufanya macho mekundu. Uvimbe wa figo hauwashi. Bonyeza kwa kidole gumba mbele ya mfupa wa ugoko, hesabu hadi kumi, achia. Kishimo kikibaki, nenda. Alama za soksi za shule zinazobaki hadi usiku, suruali isiyofunga kiunoni, kilo zinazopanda ndani ya siku tatu wakati mtoto hali vizuri, zote ni habari moja.

Angalia uso huu kila asubuhi kwa wiki nne baada ya homa yoyote kubwa. Kazi ya nusu dakika.

Hatua ya 6: Lini uende, wapi, na useme nini

Nenda sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku, kama mtoto chini ya mwaka hajakojoa kwa saa sita hadi nane, au mkubwa kwa saa kumi na mbili; kama mkojo ni wa damu, wa kokakola au kahawia; kama amevimba na anapumua kwa shida; kama ana degedege, amechanganyikiwa, au analalamika kichwa kinauma sana na haoni vizuri. Hizo za mwisho zinaweza kuwa presha, na watoto hupata presha figo zikiugua, jambo ambalo wazazi wengi hawaliamini hadi walione kwenye mashine.

Zahanati ya karibu inaweza kumwanzishia ORS na kumpima malaria, lakini kwa dalili hizi omba rufaa mapema. Hospitali za rufaa za mkoa jijini ni Amana, Mwananyamala na Temeke. Juu yake iko Muhimbili, Upanga na Mloganzila. Sera ya afya inamsamehe malipo mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, kwa hiyo chukua kadi yake ya kliniki. Usiku bajaji mara nyingi ni ya haraka kuliko kusubiri gari la mtu. Mtoto aliyelegea asipandishwe bodaboda.

Ukifika usianze na "ana homa". Kila mtu pale ana homa. Sema hivi: "Mwanangu ana kilo 14, anaharisha siku ya tatu, hajakojoa tangu saa mbili usiku, amepewa diklofenaki juzi." Sentensi hiyo moja inakutoa kwenye foleni ya kawaida. Omba mkojo upimwe kwa kijiti, kipimo cha dakika mbili kinachoonyesha damu na protini. Omba presha ipimwe kwa kitambaa cha saizi ya mtoto, maana cha mtu mzima kwenye mkono mwembamba hutoa namba ya uongo ya chini.

Hatua ya 7: Karatasi ya maabara

Damu itachukuliwa kupima kreatinini na potasiamu. Hapa nataka usome polepole.

Kreatinini ni taka ya mwili inayotolewa na figo, nayo inatokana na misuli. Mtoto mdogo ana misuli kidogo, kwa hiyo kiwango chake cha kawaida ni kidogo. Wa chini ya miaka mitano huwa takriban 18 hadi 35 kwa kipimo cha maikromoli kwa lita. Lakini karatasi nyingi huchapwa na kiwango cha mtu mzima pembeni, kama 60 hadi 110. Mtoto wa miaka mitatu mwenye 80 ataonekana yuko salama, hakuna nyota wala herufi nyekundu, ilhali namba yake imezidi mara mbili ya inavyotakiwa. Nimeona watoto wakirudishwa nyumbani na karatasi ya namna hiyo. Muulize daktari kwa adabu: "Dokta, hii 80 ni ya kawaida kwa umri wake?" Swali halimvunjii mtu heshima. Na kama kuna karatasi ya zamani, ilete: kupanda kwa nusu ya kile alichokuwa nacho ndani ya wiki moja kunatosha kusema figo zimeumia.

Hatua ya 8: Wodini

Kama tatizo ni ukame, atapewa dripu kwa haraka na mkojo utarudi, wakati mwingine mbele ya macho yako. Kama vijirija vimeshaumia, mambo yanageuka: maji yanapunguzwa. Atapewa kiasi alichokojoa jana, na nyongeza ndogo ya jasho na pumzi, basi.

Ugomvi mwingi wa wodini unaanzia hapo. Bibi mmoja alikuwa akimpa mjukuu wake maji kwa siri usiku, chini ya khanga. Asubuhi mtoto anahema, mapafu yamejaa. Nilimwendea, nikaketi chini kwenye mkeka wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, ukimimina maji kwenye ndoo isiyo na tundu, yanakwenda wapi?"

Alinyamaza. Kisha akafungua khanga, akanikabidhi chupa. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa analowesha midomo ya mtoto kwa pamba, na yeye ndiye aliyepiga vigelegele siku chombo kilipopata mililita 40.

Kama potasiamu inapanda, maji yamejaa, au mtoto anasinzia kwa sumu za mwili, watazungumzia kusafisha damu. Wazazi wengi wakisikia dayalisisi wanaanza kulia, wakidhani ni ya maisha. Kwa figo zilizoumia ghafla mara nyingi ni ya muda, siku au wiki, hadi zenyewe ziamke. Kwa wadogo unaweza kuwekwa mrija tumboni, maji maalumu yanaingia, yanavuta sumu, yanatolewa. Hauhitaji mshipa mkubwa wa damu. Usimtoroshe mtoto kwa kuogopa neno. Figo zikianza kuamka zinaweza kutoa mkojo mwingi kupita kiasi kwa siku kadhaa, na hapo maji yanaongezwa tena. Endelea kuandika.

Watoto wa kuangaliwa zaidi

Mwenye selimundu (siko seli) anadanganya hesabu yangu yote ya hapo juu. Figo zake haziwezi kubana mkojo, kwa hiyo anakojoa mwingi na mweupe hata akiwa amekauka. Kwake usiutegemee mkojo. Tegemea ulimi, machozi, uzito. Akipauka ghafla katika homa, inaweza kuwa parvo B19, ambavyo husimamisha utengenezaji wa damu. Mpeleke siku hiyo, na wiki zinazofuata pima protini kwenye mkojo.

Mwenye nefrotiki (ugonjwa wa figo kuvujisha protini hadi mwili unavimba), mafua madogo tu yanaweza kumrudishia uvimbe. Awe na vijiti vya mkojo nyumbani, apimwe kila asubuhi akiwa na mafua, na dawa yake ya prednisoloni isikatishwe ghafla. Mwenye VVU apimwe mkojo na kreatinini kliniki, hata akionekana mzima.

Hatua ya 9: Miezi mitatu baadaye

Mtoto aliyeruhusiwa hajamaliza. Rudi baada ya wiki mbili, kisha mwezi, kisha miezi mitatu: presha, mkojo kwa kijiti, kreatinini, uzito na urefu. Wapo ambao figo hupona juu juu, protini ikaendelea kuvuja kimyakimya kwa miaka. Kila atakapoandikiwa dawa, taja kwamba aliwahi kuumwa figo.

Chanjo zikamilishwe pia: ya rota wiki ya 6 na ya 10, iliyoingia kwenye ratiba yetu mwaka 2013, ya homa ya ini B ndani ya pentavalenti (chanjo moja ya magonjwa matano) wiki ya 6, 10 na 14, ya surua miezi 9 na 18. Masika yakianza, mwaga maji yaliyotuama kwenye matairi, makopo na visahani vya maua kila wiki.

Tarehe ya kipimo cha miezi mitatu iandikwe kwenye kadi ya kliniki kabla hujatoka getini. Piga picha kadi hiyo kwa simu, umtumie na yule anayeshinda na mtoto.